Sanduku la Funguo Nne na Mizigo ya Kariakoo

Mlutheri wa Dar es Salaam ana namba tatu ambazo hapaswi kuzisahau: ya NIDA, ya mlipa kodi na ya bahasha. Hiyo ya tatu ndiyo anayoikumbuka bila kufungua simu. Imeandikwa kwenye bahasha yake ya sadaka na kwenye daftari la usharika, na ukifika mwisho wa mwaka mhasibu anaweza kumwambia bila kumung'unya maneno ametoa kiasi gani na ahadi yake imebaki kiasi gani. Mamlaka ya Mapato ingetamani kupata walipaji wa namna hii. Tatizo lake haina kwaya.

Utaratibu huo una heshima yake. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) liliundwa Juni 1963 kwa kuunganisha makanisa saba, na kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kazi zake ilitegemea fedha za vyama rafiki vya Ulaya na Marekani. Leo usharika wa mjini unamlipa mchungaji wake, unajenga, unapaua na kununua vyombo vya muziki kwa fedha za washarika wenyewe. Bahasha ndiyo iliyotufikisha hapo, na anayeibeza hajawahi kukaa kwenye kikao cha bajeti ya usharika.

Ila bahasha nayo ina ngazi zake. Kuna ahadi, kuna jengo, kuna mavuno, kuna shukrani, halafu kuna diakonia, yaani fungu la wajane, yatima, wagonjwa na wasiojiweza. Katika sharika nilizosali hapa mjini, tangazo la jengo husomwa kwa sauti ya mtu anayedai. La diakonia husomwa kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kuchelewesha ibada. Jengo lina kamati, lina mchoro ukutani, lina mgeni rasmi siku ya harambee. Diakonia ina mama mmoja mwenye daftari, na nauli ya kuwafikia wagonjwa mara nyingi anaitoa mfukoni mwake.

Je, hizo ndizo ngazi za Kilutheri? Nadhani sivyo, na kasoro haiko kwenye kiasi cha fedha peke yake. Rehema kama Luther alivyoifundisha inadai mambo mawili: mfuko wa pamoja unaosimamiwa na watu wengi, wakiwamo wanyonge, na uadilifu wa kila muumini pale anapotafutia riziki. Dai la kwanza tumelitimiza nusunusu. La pili, hasa katika mitaa ya Kariakoo ambako Wakristo wengi wanauza, wanaajiri na kukopeshana, hatujaligusa.

Mwanafunzi wa kipaimara anafundishwa kwamba tarehe 31 Oktoba 1517 Martin Luther alitoa hoja zake 95 kule Wittenberg. Kinachosahaulika ni kwamba ugomvi ulianzia kwenye fedha. Vyeti vya msamaha viliuzwa, sehemu ya mapato ikaenda kujenga Kanisa la Mtakatifu Petro kule Roma, na Luther akasema katika hoja ya 43 kwamba anayempa maskini au kumkopesha mhitaji anafanya jema kuliko anayenunua cheti. Mvutano wa mfuko wa jengo na mfuko wa diakonia, basi, una miaka mia tano na ushee.

Kabla ya hapo maskini alikuwa na kazi maalumu katika wokovu wa tajiri. Tajiri alitoa, maskini akamwombea, kila mmoja akaondoka na chake. Ombaomba wa mlangoni pa kanisa alikuwa karibu sawa na wakala, mwenye kamisheni ndogo. Luther alipofundisha kwamba mtu anahesabiwa haki kwa imani bila kulipia, biashara hiyo ilivunjika. Kama mbingu haiuzwi, maskini hana tena cha kumuuzia tajiri. Anabaki kuwa jirani mwenye njaa, na anayempa chakula anampa kwa sababu ya njaa hiyo. Katika kitabu chake cha 1520 kuhusu uhuru wa Mkristo, Luther anamweleza muumini kama mtu ambaye maisha yake yameshatoka mikononi mwake mwenyewe: imani inamweka kwa Kristo, upendo unamweka kwa jirani.

Fundisho hilo lina hatari yake. Mtu akishaambiwa matendo hayamwokoi, anaweza kufunga pochi kwa amani kabisa. Luther aliliona hilo mapema, na mahubiri yake ya baadaye yana malalamiko mengi kwamba watu waliokuwa wakitoa kwa wingi enzi za papa wamegeuka mabahili baada ya kuisikia injili. Hakurudisha vyeti kwa sababu hiyo. Alitafuta utaratibu.

Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig, huko Saksonia, ulitunga mpango ambao Luther aliuandikia dibaji na kuuchapisha. Mali ya kanisa pale mjini ingekusanywa katika sanduku moja la pamoja. Sanduku lingekuwa na kufuli nne, na funguo zake zingeshikwa na makundi manne: makabaila, baraza la mji, raia wa mjini na wakulima wa vijijini. Wasimamizi kumi wangechaguliwa: wawili kutoka kwa makabaila, wawili kutoka barazani, watatu kutoka kwa raia, watatu kutoka kwa wakulima. Wangekutana kila Jumapili. Humo wangelipwa mchungaji na mwalimu, wangetunzwa yatima na wazee, fundi aliyefilisika angekopeshwa aanze upya, na nafaka ya akiba ingenunuliwa kabla ya mwaka wa njaa. Kuomba barabarani kungekomeshwa, maana hakuna ambaye angelazimika kuomba.

Tazama viti vilivyogawanywa. Mkulima alikuwa mtu wa chini kabisa katika dunia ile, lakini hapa ana wajumbe watatu kati ya kumi na ufunguo wake, na bila yeye sanduku halifunguki. Nimeona kamati za diakonia kadhaa katika mji huu. Sijaona hata moja ambayo mjane anayesaidiwa ni mjumbe wake. Tunamwita aje kupokea, tunampiga picha akipokea, na picha inakwenda kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya kabla hajafika nyumbani na mchele wake.

Leisnig kwenyewe mambo hayakwenda. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali iliyokuwa mikononi mwake, Luther akabaki kulalamika. Wasimamizi walikuwapo, kufuli zilikuwapo, fedha hazikutokea, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama cha kuzikana atalielewa bila maelezo. Wazo lenyewe halikufa. Johannes Bugenhagen, mchungaji wa Wittenberg, alilipeleka katika miji ya kaskazini, Braunschweig na Hamburg, hadi Denmark.

Niseme pia kwamba Luther si mtu wa kuchongewa sanamu. Wakulima walipoasi mwaka 1525, watu wa tabaka lile lile ambalo miaka miwili nyuma lilikuwa limepewa ufunguo, aliandika akiwahimiza watawala wawapige bila kuwahurumia. Walipigwa, kwa maelfu. Mlutheri anayefundisha rehema afundishe na sura hiyo.

Pwani yetu ilipokea fundisho hili likiwa limepanda meli moja na bendera ya Wajerumani. Johann Jakob Greiner alifika Dar es Salaam mwaka 1887, akiwa ametumwa na chama cha misioni kilichoanzishwa Berlin mwaka mmoja nyuma na watu waliokuwa karibu na Carl Peters, yule wa mikataba ya Usagara. Misioni ikaingia Uzaramo, Kisarawe na Maneromango, na miongoni mwa watu wa kwanza waliokusanyika kwenye vituo vyake walikuwamo watumwa waliokombolewa. Mwaka 1903 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Misioni ya Berlin. Kanisa la Azania Front, lililoanza kujengwa 1898, bado limeelekea bandari na vigae vyake vyekundu, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Kariakoo, ingawa washarika wake wengi hawatembei.

Miaka hiyohiyo, Mwafrika aliyeugua Dar es Salaam alitibiwa kwa fedha za mtu mwingine kabisa. Sewa Haji, mfanyabiashara Mwismailia, alitoa fedha za hospitali kwa ajili ya Waafrika na Waasia. Hospitali ile ndiyo chimbuko la Muhimbili, na jina la Sewa Haji bado liko kwenye jengo la wodi pale. Katika Injili ya Luka sura ya 10, anayemwokota majeruhi ni mtu wa dini ambayo wasikilizaji waliidharau, na mwenye cheo hekaluni amepita upande wa pili. Mji huu ulipata Msamaria wake mapema, naye alikuwa Mwislamu mwenye biashara. Wahubiri wetu hawamtaji.

Kariakoo hasa haijawahi kuwa mtaa wa kusubiri kanisa liwafundishe kusaidiana. Mwezi wa Ramadhani futari hutolewa misikitini na vibarazani, na Mkristo anayepita na njaa saa kumi na mbili na nusu haulizwi dini. Vyama vya kufa na kuzikana vilikuwapo tangu enzi za mkoloni, vikiwapokea watu wa bara waliofika mjini bila ndugu. Kanisa lilipoingia hapa lilikuta jirani tayari ana majirani.

Baada ya uhuru, Walutheri na makanisa mengine walipanua kazi kwa namna inayostahili sifa, na nitaipitia upesi kwa kuwa haina ubishi. Shirika la kuwahudumia wakimbizi, TCRS, lilianzishwa mwaka 1964 chini ya Shirikisho la Walutheri Duniani. Wakimbizi wa Burundi wa 1972 walipoingia, ndilo lililofungua nao misitu ya Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo. Mwaka 2014 wakimbizi hao na watoto wao wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania, na ni wachache sana mjini wanaojua kwamba shirika hilo makao yake ni hapahapa Dar es Salaam. Hospitali ya KCMC ilifunguliwa Moshi mwaka 1971. Mwaka 1992 makanisa na serikali walitia saini makubaliano yaliyozaa Tume ya Kikristo ya Huduma za Jamii, na mwaka huohuo Wakatoliki wa jimbo la Dar es Salaam walianzisha PASADA kule Temeke kwa ajili ya wenye virusi vya UKIMWI, wakati ambapo wengi walikuwa wanaogopa hata kuwapa mkono. Dayosisi ya Mashariki na Pwani ina kituo chake cha diakonia Mtoni, cha watoto wenye ulemavu wa akili, ambao kwa muda mrefu hapakuwa na shule iliyowataka.

KCMC inamilikiwa na shirika lenye jina la Msamaria Mwema. Kama hospitali zote, ina dirisha la malipo. Hospitali za kanisa haziishi kwa hewa, na tangu serikali ilipoanza uchangiaji wa gharama mwaka 1993 hakuna hospitali kubwa isiyo na bili. Lakini katika mfano ule wa Luka majeruhi hakutoa hata senti; Msamaria ndiye aliyemwachia mwenye nyumba ya wageni dinari mbili na ahadi ya kulipa itakayozidi. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali yoyote atakueleza ni familia ngapi zinakaa kwenye benchi lake wiki nzima zikimtafuta mtu wa kulipa hiyo itakayozidi.

Hilo ndilo dai la kwanza, na nimesema tumelitimiza nusu. Sasa, kwa dai la pili, twende kwenye mnada.

Jumapili ya mavuno ibada ikiisha, watu wanatoka nje na hakuna anayeondoka. Mezani kuna mikungu ya ndizi, trei za mayai, nazi, mchele uliofungwa kilo tano tano, na jogoo aliyefungwa miguu kwa kamba ya katani. Mnadishaji ni mzee wa kanisa mwenye utani wa kutosha. Trei ya mayai inaanzia elfu kumi, inapanda hadi thelathini, aliyeshinda analipa kisha anasema iuzwe tena, na vigelegele vinapigwa. Jogoo anaweza kununuliwa na watu watatu kabla ya saa saba mchana na bado akawa palepale mezani, akiwa ameanza kuzoea.

Katika mnada mmoja wa namna hiyo nilisimama karibu na mama aliyekuwa ameleta mafungu manne ya mchicha, yamefungwa kwa ukindu, yamenyunyiziwa maji. Mshiriki mmoja aliyavuta kwa elfu hamsini, watu wakashangilia, mama akafurahi. Mama huyo huuza mchicha uleule Jumatatu hadi Jumamosi pembeni mwa soko. Wateja wake ni pamoja na washarika waliokuwa wanashangilia, na huko wanamkaba fungu la mia tano liwe mia tatu, na wakiondoka wanadai nyongeza. Wala hawaoni kwamba mambo haya mawili yanahusiana. Jumapili fedha zinampita mama zinakwenda mfukoni mwa usharika. Jumatatu anapunguziwa mtaji. Ukimuuliza ni lini alihurumiwa, sijui atataja siku ipi.

Hapa ndipo Luther anapotubana. Mwaka 1524 alichapisha kitabu kizima juu ya biashara na riba, akawashambulia wafanyabiashara waliojiwekea kanuni kwamba bidhaa ni yangu, nitaiuza kwa bei yoyote nitakayoweza kuipata. Katika Katekisimu Kubwa ya 1529, akieleza amri ya saba, anasema wezi wanaovunja masanduku usiku ni wadogo. Wakubwa wanakaa vitini, wanapewa heshima, na wanawachuna maskini sokoni mchana kweupe kwa mizani mibovu na bei za kuumiza. Kuhusu amri ya tano anakwenda mbali zaidi: ukimwona mtu uchi ukaweza kumvisha na hukumvisha, umemwacha afe kwa baridi, na hiyo ni hesabu ya kuua. Kwake amri haiishii kwenye usifanye. Inakudai ulinde uhai na riziki ya mwenzako. Vijana wetu wa kipaimara wanaikariri tafsiri fupi ya mambo hayo kutoka Katekisimu Ndogo, wanaisema mbele ya askofu au mchungaji bila kukwama, wanapigwa picha na keki, kisha wanakwenda kusaidia dukani kwa baba.

Na dukani kwa baba kuna mbeba mizigo. Mtaa huu ulipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, watu ambao walikufa kwa makumi ya maelfu huku na huko Afrika Mashariki, wengi kwa maradhi na njaa. Biashara ya Kariakoo hadi leo inategemea migongo. Simama kona ya Kongo na Mchikichi saa nne asubuhi: robota la mitumba au mabunda ya vitenge yanapita juu ya vichwa vya watu, chini yake kuna kijana mwenye gunia lililokunjwa begani, anapiga kelele apewe njia, pembeni guta limekwama kati ya bajaji na meza ya mmachinga. Analipwa kwa mzigo, bei inapangwa mzigo ukiwa tayari umeshuka, na mwenye duka akiwa na haraka au wateja wengi atamwambia apitie jioni. Jioni anaambiwa kesho. Mgongo ukiteguka hakuna bima wala mkataba, kuna wenzake watakaochanga.

Upande wa pili wa barabara mama lishe anaamka saa tisa usiku kuwasha jiko. Mtaji wake ni mkopo ambao mjini tunauita kausha damu, na jina hilo halihitaji mfafanuzi: rejesho ni la kila siku, riba imeshakatwa kabla hajashika fedha, na akikosa siku mbili wanakuja kubeba sufuria na godoro. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni ambazo hazikuwa na leseni, ikawaonya wananchi. Hilo ni jambo jema la serikali. Lakini wakopeshaji wa mtaani hawana programu. Wana daftari, wana pikipiki, na baadhi yao wana namba ya bahasha. Fungu la kumi la faida hiyo linapokelewa, linaombewa na kushukuriwa.

Mnamo 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, ghorofa liliporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani, wateja na wauzaji. Waliofika kwanza kuchimba ni vijana wa mitaa ile, wabeba mizigo na machinga, kwa mikono na nondo, kabla mashine hazijafika. Waliofukiwa walipiga simu kutoka chini ya zege. Watu zaidi ya 80 waliokolewa, zaidi ya 20 walifariki, na Jumatatu miili ya waliopatikana ikaagwa Mnazi Mmoja. Huruma ilijaa mji mzima siku zile, ya kweli kabisa. Baadaye wenye jengo walifikishwa mahakamani, na mahakama ina kazi yake. Nami nilikumbuka Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lilipoanguka Mtaa wa Indira Gandhi na kuua watu 36. Mara zote mbili viongozi wa dini waliomba vizuri. Kwa hesabu ya Luther juu ya amri ya tano, rehema ilitakiwa ifike mapema, wakati nondo zinapimwa, zege linachanganywa na ukaguzi unafanywa, na wanaofanya kazi hizo wengi wao Jumapili au Ijumaa wanakwenda mahali kusali.

Najua jibu litakalokuja, kwa kuwa nimelisikia kwenye vikao: kanisa ni kanisa, biashara ni biashara, mchungaji hawezi kukagua duka la mtu. Wasomi zaidi watataja mafundisho ya tawala mbili, kwamba Mungu anatawala kanisa kwa injili na dunia kwa sheria. Kwa Dar es Salaam jibu hilo lina shida ya kihistoria. Juni 1977 Shirikisho la Walutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu wa sita katika mji huu, likamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wake, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Mkutano huo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi kusini mwa Afrika ni suala la imani yenyewe, na kwamba Walutheri hawawezi kuukalia kimya wakisema ni siasa. Mwaka 1994 maaskofu wa KKKT wakatoa Tamko la Bagamoyo juu ya uchumi, ardhi na demokrasia. Kwa hiyo kanisa hili linajua kuzungumza habari za fedha na haki. Limezoea kuzungumza na Pretoria na Ikulu. Mzee wa kanisa mwenye maduka matatu Mtaa wa Aggrey ndiye anayeonekana kuwa mgumu kumfikia.

Wakati huo huduma za miujiza zilizojaa mjini zinamfundisha mama lishe yuleyule apande mbegu ya shilingi elfu hamsini ili Mungu amrudishie mara mia. Walutheri wanacheka, na hawana haki sana ya kucheka. Biashara ile iliyovunjwa mwaka 1517 imerudi kwa mlango wa nyuma, safari hii maskini ndiye mnunuzi, na sisi tulio na fundisho la kuikataa tumekuwa tukilitunza kwenye darasa la kipaimara kama nyaraka za kiwanja.

Kwa wazee wa sharika za mjini, hasa zinazopakana na soko: hesabu ya diakonia isomwe kabla ya ile ya jengo, kwa tarakimu, na ndani ya kamati wawemo watu wawili wanaopokea msaada huo, wakiwa na sauti na saini. Sehemu ya fedha za mavuno iwe mkopo usio na riba kwa mama lishe na wauza mboga wa usharika wenyewe, kama Leisnig ilivyokusudia kwa mafundi wake, ili wasilazimike kukimbilia kausha damu. Amri ya saba ifundishwe tena, safari hii kwa wenye maduka, jioni ya siku ya kazi, na mchungaji asiogope kuuliza habari za mizani na mishahara. Nawe mwenye duka unayesoma haya kaunta ikiwa mbele yako, kijana aliyekubebea robota asubuhi yuko hapo nje. Mlipe leo, kabla hujafunga.